Isale kwa Ludovika

Katika duka la bima pale Himo mtu hagongwi kweli, lakini moyo wake haujui hilo. Nilikaa kwenye kiti cha majaribio, mkanda umenibana kifuani, na mbele yangu ukatokea ukungu mweupe wa mwezi wa tano, barabara yetu ya mlimani imelowa, migomba imeinama huku na huku. Nanzia, mjukuu wangu, alisimama nyuma ameshika begi langu. Binti wa dukani, jina lake Zuhura, alikuwa ameniwekea mto mgongoni bila kuombwa. Nilimwona alivyoutoa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Bibi, utasikia mtikisiko kidogo," alisema. "Usiogope. Ni kampuni inakuonyesha itakavyokutetea."

"Nimezaa watoto sita, mwanangu. Mtikisiko naujua."

Akacheka. Kiti kikaanza kutetemeka kama gari linaloteremka. Mtu akatoka kwenye ukungu anakokota baiskeli, na kabla sijafungua kinywa, tukamgonga. Baiskeli ikalala. Papo hapo vioo vyote vikawa vyeusi, nikasikia milango ikijifunga.

"Mteja wetu mpendwa," ilisema Sauti, tamu kama ya mtangazaji wa redio. "Umetulia? Usiseme neno lolote. Nitasema mimi kwa niaba yako."

Kisha nikazisikia sauti mbili, ya kwetu na ya kampuni ya mwenye baiskeli, zikizungumza upesi upesi kama chiriku wawili juu ya mti. Muda wa mtu kupiga chafya, zikanyamaza.

"Shauri limekwisha. Kosa ni la mwenye baiskeli. Tunaendelea na safari."

"Na yule mtu?" niliuliza.

"Mtu gani, mteja wetu?"

Zuhura akazima kiti. Hiyo ndiyo kampuni iitwayo Mwewe, alisema, na hakuna inayoizidi. Kwa mwaka mzima haikushindwa shauri hata moja upande huu wa mlima.

"Washa tena," nilimwambia. "Nanzia, nipe begi."

"Bibi, hapana."

"Nipe, mama."

Nilitoa jani la isale nililokuwa nimelikata asubuhi kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo. Ukungu ukarudi, mtu wa baiskeli akarudi, tukamgonga tena masikini. Safari hii niliinua lile jani mbele ya kioo kabla hakijawa cheusi.

"Mteja wetu mpendwa, rudisha jani hilo mkobani," ilisema Sauti, na utamu wake ulikuwa umepungua. "Kwa watu wa Kilimanjaro, isale ni kuomba msamaha. Kuomba msamaha ni kukiri kosa. Mteja anayekiri kosa anapoteza kinga yetu."

Nanzia akashika mdomo. "Jamani! Wamesoma hadi mambo ya kwetu."

"Wamesoma nusu," nilisema.

Maana nusu ya pili ni hii. Isale unalifunga fundo, unamkabidhi uliyemkosea. Akishalipokea yamekwisha, hana tena la kukudai. Na kwetu hakuna anayelikataa. Baba yangu alimpokea nalo mtu aliyemchomea ghala.

* * *

Ludovika nilimgonga siku ya ibada, saa ambayo ukungu haujapanda. Tuseme gari ndilo lililomgonga, kwa kuwa magari ya siku hizi hayana usukani na mimi nilikuwa nimekaa tu na kitabu changu cha nyimbo mapajani. Sijui kosa lilikuwa la nani. Gari lilisema yeye ndiye aliyeingia barabarani. Ninachojua ni kwamba gari ni langu na mguu uliovunjika ni wa rafiki yangu.

Nilimwona amekaa chini, majani ya ng'ombe aliyokuwa amejitwika yametawanyika, ananitazama. Kisha vioo vikawa vyeusi. Nilikuwa na kampuni nyingine wakati huo, lakini karibu zote hufanya hivyo. Nikagonga kioo kwa kiganja. Nikaita. Sauti ikasema ndege ya wagonjwa imeshaitwa, nisihangaike, na ikanirudisha nyumbani kama mzigo.

Vijana wananiuliza kwa nini sikwenda kumwona tangu hapo. Hawafikirii, maana wamezaliwa wakayakuta mambo yako hivyo. Gari haliwaki bila kampuni ya bima, na kampuni ndiyo inayoliambia gari pa kwenda na pasipo pa kwenda. Shauri likiwa wazi, gari halikupeleki kwa uliyegongana naye. Ukipanda gari la jirani, linakutambua usoni, nalo linakataa. Simu yako haiiti kwake. Wanasema ni kwa usalama wa wote wawili, watu wasije wakapigana au wakaropoka. Ludovika anakaa ng'ambo ya korongo. Zamani nilivuka korongo lile na ndoo kichwani huku naimba. Sasa magoti yangu hayanifikishi hata mtoni.

Sasa kampuni yangu ilikuwa imefilisika, na wateja wote tulipewa hadi Ijumaa tutafute nyingine, la sivyo magari yetu yalale. Kampuni mpya inarithi na shauri lako. Kwa hiyo kuchagua bima wiki ile kulikuwa ni kuchagua nitasema nini kwa Ludovika, au nisiseme. Na Jumamosi mwanawe Valerian alikuwa anamhamishia kwake Tunduma, moja kwa moja. Ukifika umri wetu, mtu akihamia Tunduma ni kama amehamia mwezini.

Habari hiyo aliniletea mwinjilisti wetu. Alipita uani kwangu kana kwamba anatafuta kuku, akaisemea hewani, akaenda zake. Mungu ambariki.

* * *

"Tujaribu Pamba," alisema Zuhura. "Hawa ni wapole. Wenyewe wanaomba radhi."

Nilifurahi. "Naruhusiwa kuomba radhi?"

"Wanaomba wao, Bibi. Kwa sauti yako."

Aliniambia nisome mistari michache kwenye kioo, habari za hali ya hewa na bei ya ndizi. Nikasoma. Akabonyeza mahali, na pale dukani nikajisikia mwenyewe nikizungumza, na kikohozi changu kidogo cha asubuhi ndani yake: "Ludovika, rafiki yangu, ninasikitika sana kwa hali iliyojitokeza. Ninakuombea upone haraka."

Nanzia alifuta macho. "Bibi, ni wewe kabisa."

"Maneno yamepimwa na mawakili," alisema Zuhura. "Yanasikika kama msamaha, lakini mahakamani si msamaha. Kinga yako inabaki yote. Atatumiwa leo leo, na maua juu."

"Na Ludovika hatajua kwamba si mimi?"

"Hawajui, Bibi. Hata watoto wa mtu hawajui." Aliinamisha kichwa alipolisema hilo, nikaona kwamba si mara ya kwanza linamkera.

Nitasema kweli: nilishawishika. Ludovika angesikia sauti yangu kabla hajaondoka. Kihamba kingebaki salama. Nani angeumia? Nililigeuzageuza wazo hilo kama mtu anayechagua parachichi, nikitafuta mahali palipolainika. Nikapaona kwenye "hali iliyojitokeza." Tangu lini nimemwambia Ludovika "hali iliyojitokeza"? Tukikosana mimi huanza kwa kumtukana.

"Nyingine hakuna?"

Zuhura alitazama mlangoni. Kwenye kona, nyuma ya ndoo ya kudekia, kulikuwa na bango lililofifia lenye picha ya kamba ya ukindu. "Ipo Ukambaa," alisema taratibu. "Haina kiti cha majaribio. Kiliharibika, hawakuleta kingine. Wateja wake ni wachache, wengi ni wa huko vijijini. Mama yangu ni mmoja."

"Ikoje?"

"Mkigongana, milango haijifungi. Vioo vinabaki vyeupe. Unashuka, unasema mwenyewe. Utakalosema ni lako. Inamtibu aliyeumia kadiri ya mfuko wao, na mfuko si mkubwa. Ukikiri kosa na mwenzako akadai zaidi, hawawezi kusimama mbele ya mali yako."

"Nitaweza kwenda kwake?"

"Popote, Bibi."

Nanzia alinishika mkono, si kwa ukali. "Tutoke nje kidogo."

* * *

Tulikaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya duka. Nanzia alininunulia chai kwenye kibanda, akaipuliza kwanza ipoe ndipo akanipa. Alijifunza kwangu akiwa mtoto. Sasa ananipulizia mimi.

"Bibi, Valerian yuko Mwewe," alisema. "Unalijua hilo? Amemwandikisha na mama yake. Siku utakayompa isale, Mwewe watakuwa wamelishika neno lako kabla hujakaa. Watakuja kihambani na vipimo. Kaburi la Babu liko pale."

"Najua liliko."

"Na mimi niko pale. Uliniambia pale ndipo nitakapojenga."

Kama kihamba kingekuwa changu peke yangu ningekitoa bila kupepesa, ningelala vizuri. Lakini kihamba si cha mtu mmoja. Ni cha waliolala chini yake na cha wanaokuja. Je, nina haki ya kutoa fungu la mjukuu wangu ili moyo wangu upate kutulia? Nilikunywa chai polepole nikitumaini jibu liko chini ya kikombe.

Badala yake nilimkumbuka Eliakunda, mume wangu.

"Unajua babu yako alivyonioa?" nilimuuliza.

"Alikuja na pikapu."

"Alinijia nayo vibaya. Pikapu ya kijani, usukani ameushika mwenyewe kwa mikono miwili, hana hata leseni. Mimi na Ludovika tulikuwa tumebeba mtungi wa pombe ya ndizi wa mama, tunaupeleka harusini. Akatokea kwenye kona. Tukaruka, mtungi ukabaki. Mbege yote ikaenda mtaroni. Siku hizo milango ilifunguka, Nanzia. Alishuka anatetemeka. Ludovika akamtukana mpaka watu wakatoka mashambani kuja kusikiliza. Mzee mmoja akasema, huyu mpigeni. Mwingine akasema, kwanza mpeni maji. Wakampa maji. Watu walikuwa hivyo, wanakukaripia na wanakupa kiti."

Nanzia alitabasamu.

"Jioni alipaswa kuja kwa baba na isale. Lakini alikulia mjini kwa wajomba, hakujua kulifunga fundo. Alifunga kama kamba ya kiatu. Kama angeingia nalo vile, baba angemcheka na mimi ningeolewa na mtu mwingine. Ludovika alimkuta njiani. Yule yule aliyekuwa amemtukana. Akamnyang'anya jani, akalifunga vizuri, akampa, akamwambia nenda, mjinga wewe. Sisi sote, baba yako, wewe, tumetoka kwenye fundo lile."

Magari yalipita barabarani, vioo vyeusi, hakuna uso hata mmoja. Nilikumbuka zamani njia ile ilivyokuwa na kelele za honi na matusi na salamu, mtu anapunguza mwendo ili amuulize mwenzake mama anaendeleaje.

"Ungeweza kuniomba nichague Pamba," nilimwambia. "Ukisema Pamba, nitachukua Pamba, na sitakulaumu. Nasema kweli. Fungu ni lako pia."

Nanzia alisimama, akapangusa sketi. Akachukua kikombe changu, akakirudisha kibandani. Aliporudi alininyooshea mkono niinuke.

"Kule kwenye kona hawana hata kiti," alisema. "Utapiga kidole gumba ukiwa umesimama. Magoti yataweza?"

"Yataweza."

"Mimi napiga gumba la shahidi."

Zuhura alipotuona tunaelekea kwenye ndoo ya kudekia, aliisogeza kwa mguu, akauleta ule mto wake tena, akauweka juu ya boksi ili nikae.

* * *

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeziba mpaka mlango wa zizi. Nilikata isale jipya, lile lenye mstari wa njano pembeni, nikalifunga fundo kwa vidole visivyotaka kukunja. Nanzia akaniingiza garini.

"Kwa nani?" iliuliza Sauti ya Ukambaa. Ilikuwa kavu, ya mtu mzima, kama ya karani wa zamani.

"Kwa Ludovika, ng'ambo."

Nilisubiri ikatae. Gari likapinda kushoto kwenye njia panda, mahali ambapo wiki zote zile lilikuwa likipinda kulia, likateremka darajani. Nililia kidogo. Nanzia alijifanya anatazama migomba.

Gari la Valerian lilikuwa uani, limeshapakiwa. Godoro juu, sufuria, na jogoo ndani ya tenga. Ludovika alikaa barazani kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya gunia, kitenge cha safari kimefungwa vizuri. Alikuwa amepungua. Kwenye mkono wake wa kushoto alikuwa amevishwa kikuku cheusi cha Mwewe.

"Tumefika," ilisema Sauti yetu. "Milango iko wazi."

Valerian alitoka haraka. Ni mtu mzima sasa, ana mvi, lakini aliamkia kwanza. "Shikamoo, mama mdogo. Samahani, lakini huruhusiwi kuwa hapa."

"Marahaba, baba. Naona umemfungia mama mizigo vizuri."

"Mama mdogo, tafadhali. Kuna shauri."

"Mwache apite," alisema Ludovika. "Nataka nimwone alivyozeeka."

Nilitembea hadi barazani nimeegemea bega la Nanzia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasimama mbele yake nimeshika jani.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa dukani nachagua bima."

"Wiki zote hizi?"

"Ni nyingi, Ludovika. Zote zina maneno matamu."

"Siku ile nilikusikia," alisema. "Ulikuwa unagonga kioo. Nikasema, huyu mwanamke kanivunja mguu halafu ananigongea kwaheri."

"Nilikuwa nataka kushuka!"

"Najua. Nakujua wewe. Nililijua hilo kabla hawajaniinua."

Nikainua isale. Kikuku chake kikawaka taa nyekundu.

"Mteja wetu mpendwa," kilisema, kwa sauti ile ile tamu niliyoisikia Himo. "Usipokee jani hilo. Aliyekugonga anakiri kosa, na ushahidi umeshachukuliwa. Ukilipokea, kwa mila ya kwenu utakuwa umemsamehe, nasi hatutaweza kukudaia ardhi yake."

Kumbe nusu ya pili walikuwa nayo. Waliificha tu, wampe kila mtu nusu inayowafaa wao.

Ludovika alikitazama kikuku kama anavyotazama kuku aliyeingia sebuleni. "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Sijazaliwa, mteja wetu."

"Ndiyo maana."

"Mama," alisema Valerian. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto aliyeogopa. "Mguu haujapona. Dawa ni ghali, na mimi sina kitu cha ziada. Kile wanachotudaia ndicho kitakachokutibu. Ni mguu wako, mama."

"Naam, ni wangu. Kwa hiyo wa kusamehe ni mimi." Akamshika mkono akambembeleza kidogo kwa kidole gumba, kama mtu anayemlaza mtoto. "Tutatafuta dawa, baba. Huyu naye bima yake itatoa kidogo. Na ana ng'ombe wa maziwa, nimemwona, hawezi kunificha."

"Nitamuuza," nilisema.

"Nani kakwambia umuuze? Maziwa nitakunywa ya nani?" Akamgeukia mwanawe. "Shusha godoro. Sisafiri na mguu huu. Kama ni kufa nitafia hapa, kuna mtu wa kunitukana."

Valerian alitazama gari, akatazama mama yake. Kisha akaanza kulegeza kamba za godoro. Nanzia akaenda kumsaidia upande wa pili bila kuitwa.

Ludovika alininyang'anya lile isale. Akaliinua kwenye mwanga, akaligeuza, akakunja uso.

"Hili ni fundo gani?"

"Vidole vyangu havikunji vizuri."

"Havikukunja vizuri hata ulipokuwa msichana. Wewe na mume wako, Mungu amrehemu." Akalifungua. Kikuku kilikuwa bado kinasema, mteja wetu, mteja wetu, naye akakizungusha kikatazama chini, akakifunika kwa kitenge. Akalikunja jani mara moja, akalipitisha, akalivuta kwa meno kama zamani, likakaa sawasawa.

Akanirudishia mkononi.

"Haya," alisema. "Sasa nipe."